Mombasa kwa Siku Moja: Anza Bandarini, Malizia Ngomeni

Karibu kila anayekutembeza Mombasa kwa siku moja atakuanzisha mahali pale pale: lango la Fort Jesus, saa nne asubuhi, tiketi mkononi. Utazunguka ngomeni kwa saa moja na nusu, utatoka jua likiwa limeshapanda utosini, utapitishwa mbiombio katika vichochoro vya Mji wa Kale wakati wenyeji wameanza kufunga maduka wakapumzike, na jioni utakuwa na picha nyingi za milango na roshani usizojua zilifikaje hapo. Makala haya yanakushauri ufanye kinyume. Anza bandarini jua linapochomoza, pita mjini asubuhi, jipumzishe adhuhuri, na ngome uiingie baada ya alasiri, iwe ya mwisho. Sababu si kukwepa jua tu, ingawa jua nalo lina neno lake. Mombasa ni mji uliolelewa na maji yake, na ngome iliujia ukiwa tayari mtu mzima. Anayeanza na ngome huuona mji wote kama kivuli cha Wareno. Anayeanza na maji huwaona Wareno kama walivyokuwa, wageni waliochelewa kufika na kukitamani walichokikuta.

Tarehe zenyewe zinashuhudia. Msafiri Ibn Battuta alilala usiku mmoja katika kisiwa hiki mwaka 1331, akakuta Waislamu wenye misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, ndizi, ndimu na samaki, na nafaka iliyoletwa kutoka ng'ambo ya maji. Mreno Vasco da Gama alifika Aprili 1498, miaka 167 baadaye. Mreno mwenzake, Francisco de Almeida, aliuteka mji na kuutia moto mwaka 1505, na Nuno da Cunha akaja kuushambulia tena 1528. Watu hawavuki bahari na silaha mara mbili kuja kuchoma kijiji cha wavuvi. Ngome ilianza kujengwa mwaka 1593 tu, na hata hapo kilichowasukuma Wareno kilikuwa ni hofu: katika miaka ya 1580 nahodha wa Kituruki, Mir Ali Bey, alikuja pwani hii, Mombasa ikampokea, na ikabidi kundi la merikebu litumwe kutoka Goa mwaka 1589 kumng'oa. Baada ya kisa hicho ndipo walipoona hawawezi kuuacha mlango huu wa bahari bila mlinzi. Kwa hiyo bandari ndiyo iliyotangulia, na ukuta hauwezi kueleweka na mtu asiyejua ulijengwa kulinda nini.

Fika Mji wa Kale saa kumi na mbili na nusu, ama saa moja ikizidi. Treni ya kutoka Nairobi hushusha abiria Miritini, nje ya kisiwa, kwa hiyo anayeitaka asubuhi hii sharti awe amelala mjini. Panda tuktuk, mwambie dereva akushushe Ngomeni, na ukishuka ipite ngome bila kuingia; itakungoja, imekaa hapo zaidi ya miaka mia nne. Kwanza tia kitu tumboni. Mahamri yakitoka karaini huwa yamefura, ndani matupu, yananukia iliki, na mbaazi za nazi zinazoandamana nayo hupikwa polepole mpaka tui likawa zito. Wapishi wazuri huuza mapema na kumaliza mapema. Anayeamka saa tatu hukuta sufuria imeoshwa, na hilo lenyewe linakufundisha saa ya mji: hapa siku huhesabiwa tangu jua linapotoka, na mambo mengi mazuri hutokea kabla ya saa nne.

Kutoka hapo fuata Barabara ya Sir Mbarak Hinawy, iliyopewa jina la aliyekuwa Liwali wa Pwani, hadi Uwanja wa Serikali na Bandari ya Kale. Bandarini kuna ulinzi, kwa hiyo usitoe kamera wala simu ya kupiga picha kabla ya kuomba ruhusa kwa walio langoni. Wakikukatalia, usione umepoteza. Unachokuja kutazama ni mkao wa mahali. Tazama jinsi maji yanavyoingia kati ya kisiwa na bara, yamekingwa dhidi ya mawimbi ya nje, na jinsi ukingo wa mwamba ulivyo mrefu kiasi cha kuweka mji juu yake bila kuogopa bamvua. Kwa karne nyingi vyombo vilikuja hapa na kaskazi, upepo unaoanza kuvuma mwisho wa mwaka, vikiwa na tende, mazulia, makasha na vyombo vya udongo kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi. Mabaharia walikaa wakingoja upepo ugeuke, kisha kusi ikawarudisha na pembe, nafaka na boriti za mikoko. Ile miezi ya kungoja ndiyo iliyoujenga mji. Mtu hakai miezi mitatu mahali bila kutafuta pa kulala, pa kusali, wa kufanya naye biashara na mara nyingi wa kuoa. Karibu na hapo zipo ngazi za Leven zinazoteremka hadi majini. Jina lake limetokana na meli ya Kapteni Owen wa Uingereza, aliyejitwika ulinzi wa mji huu mwaka 1824, mambo yakavunjika baada ya miaka miwili.

Jambo moja zaidi ulifikirie ukiwa bado bandarini. Ujenzi wa reli ya Uganda ulipoanza mwaka 1896, ulianzia upande wa pili wa kisiwa, Kilindini, penye kina cha kupokea meli kubwa. Makontena, maghala na malori yote yakaenda huko. Bandari ya Kale ikabaki na majahazi, na Mji wa Kale ukabaki na njia zake nyembamba ambazo hakuna aliyekuwa na haja ya kuzipanua. Wengi husema mji huu ulisahauliwa, na wanasema kwa masikitiko. Kwa mtembezi, kusahauliwa huko ni bahati. Nyumba nyingi za roshani utakazoziona ni za mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, wakati biashara ilikuwa bado inaleta fedha hapa lakini mashine zilikuwa zimeelekezwa kwingine.

Rudi polepole kwa njia uliyojia hadi Msikiti wa Mandhry, ambao wenyeji huuhesabu tangu mwaka 1570. Mnara wake si mrefu. Umeviringana na kuchongoka juu, umepakwa chokaa, na hauna tarizi nyingi. Ng'ambo ya njia kipo kisima cha maji matamu. Usikipite. Ibn Battuta aliandika kwamba misikiti ya Mombasa ilikuwa na visima vifupi mlangoni, watu wakichota kwa chombo cha mbao na kuosha miguu kabla ya kuingia. Msikiti huu si ule aliouona yeye, lakini mpango ni ule ule: maji, jiwe, kizingiti, sala. Kisiwa kimezungukwa na maji ya chumvi, na kila mahali penye maji matamu palikuwa na thamani ya kuanzishiwa mtaa. Kama wewe si Mwislamu, usiingie msikitini bila kukaribishwa na aliyepo, na hata ukikaribishwa usiingie wakati wa sala. Vaa nguo inayofunika mabega na magoti, mwanamume na mwanamke sawa. Hilo halihusu msikiti peke yake; mtaa mzima utakupokea vizuri zaidi ukiwa umejisitiri.

Sasa ingia Ndia Kuu. Jina hili ni zawadi kwa msomaji wa Kiswahili, kwa kuwa linasema Kimvita waziwazi: ndia ndiyo njia, na barabara hii imekuwa kuu tangu enzi za Wareno. Hapa punguza mwendo kabisa. Chagua mlango mmoja na uukaribie mpaka uone alama za patasi. Mlango wa zamani wa pwani una mbao mbili zinazofunguka kwa ndani, na katikati husimama mfaa, mti uliochongwa ambao umeshikamana na ubao mmoja na kuufunika ukingo wa pili. Kizingiti cha juu ndicho kilichobeba nakshi nzito zaidi. Pembeni huteremka mapambo kama mnyororo, na chini mara nyingine utaona mistari ya mawimbi au magamba ya samaki. Watembeza wageni watakuambia mnyororo ni alama ya utumwa, au wa kufunga shari isiingie. Sikiliza, lakini usiibebe kama hakika, kwa kuwa fundi hakuacha maelezo. Kilicho hakika ni hiki: kuna milango iliyogawanywa katika visanduku vidogo vyenye ua katikati ya kila kimoja, na hiyo ni kazi yenye asili ya Gujarati, ipo na yenye kizingiti kilichopinda kwa juu, yenye majani yanayosokotana. Milango miwili inayotazamana katika njia ya hatua nne inaweza kukuonyesha pande mbili za Bahari ya Hindi.

Kisha inua macho. Roshani zimeshikiliwa na mikono ya mbao iliyochongwa, na vizuizi vyake vimetobolewa kwa msumeno mwembamba ili upepo upite na aliye ndani aone njia bila kuonekana. Chini kuna baraza, benchi la jiwe lililoungana na ukuta, mahali pa mwenye nyumba kupokea mtu asiyefaa kuingizwa ndani na asiyefaa kufukuzwa. Kuta ni mawe ya matumbawe yaliyofungwa kwa chokaa, na rangi za manjano, samawati, kijani na waridi hupakwa juu ya chokaa hiyo. Tafuta ukuta mmoja uliokarabatiwa kwa simenti, na hutakosa. Simenti hufunga unyevu na chumvi ndani ya jiwe. Baada ya muda plasta huvimba, hubanduka vipande vipande, na jiwe linaliwa. Chokaa huacha ukuta upumue. Ninalisisitiza hili kwa sababu mji huu unapotea kwa njia mbili kwa pamoja, kwa nyundo ya anayejenga ghorofa mpya na kwa mwiko wa anayetaka kukarabati kwa nia njema na simenti isiyofaa. Mtembezi anayejua kutofautisha kuta hizo mbili ana macho ya kuona kinachohitaji kulindwa.

Hapa huja pingamizi la kwanza, na ni la haki: watu wanaishi hapa. Kuwaingilia asubuhi, watoto wakienda chuoni na akina mama wakifagia vibaraza, si kuwavunjia heshima? Ingekuwa hivyo kama ungekuja kutazama watu. Lakini umekuja mjini saa ambayo mji uko kazini, na mji ulio kazini umezoea wageni. Ulikuwa ukiwapokea kabla ya kuwa na ngome. Kinachovunja heshima ni ukimya. Usipite mbele ya wazee walioketi barazani kama unayepita mbele ya ukuta. Toa salamu kwanza, salaam aleikum au sabalkheri, subiri jibu, ndipo uulize njia. Usimpige picha mtu bila kumwomba, wala mtoto bila idhini ya mzazi, na mlango ulio wazi usiugeuze dirisha la kamera yako. Nunua kitu, hata kama ni kikombe cha kahawa tungu kutoka kwa muuzaji aliyebeba dele lenye makaa chini yake, akigonganisha vikombe ili watu wajue amefika. Mgeni anayezunguka ngome na kuondoka huacha kiingilio chake getini tu. Anayepita mitaani asubuhi huacha shilingi zake kwa mpika mahamri, muuza kahawa, fundi cherehani na mwenye duka la viungo.

Mtembeza wageni je, unamhitaji? Kwa anayesema Kiswahili si lazima, kwa sababu mji utakujibu mwenyewe ukiuliza. Ukimchukua, chagua mwenye kitambulisho cha kazi, patana bei na muda kabla hamjapiga hatua ya kwanza, na mwambie wazi kwamba unataka kuanzia bandarini. Usalama ni ule wa mji wowote: simu mfukoni, mkoba mbele, na vichochoro usivyovijua uviache kabla ya giza.

Kati ya saa nne na saa sita, njia ya Langoni itakupeleka Marikiti, soko la mwaka 1914 ambalo kwa Kiingereza liliitwa kwa jina la Mackinnon na ambalo watu wa Mombasa waliliita wapendavyo wao. Nunua iliki, mdalasini, pilipili manga na karafuu, lakini uvunje punje moja na kuinusa kabla hujalipa. Kiungo kilichokaa sana hakinuki mpaka ukisage. Barabara ya Biashara iko hapo karibu, na huko leso huuzwa jozi kwa jozi. Soma jina lililoandikwa kwenye leso kabla ya rangi, hasa ukimnunulia mtu mwingine, maana maneno yale yanaweza kumpongeza au kumchokoza bila wewe kukusudia.

Saa sita acha kutembea. Kula wali wa nazi na samaki mahali penye kivuli, kisha pumzika mpaka saa tisa. Msafiri mwenye siku moja tu huona muda huu ni hasara, lakini ndio unaomfanya asichoke kabla ya ngome. Ijumaa zingatia zaidi: tangu saa sita maduka mengi hufungwa na njia zinazozunguka misikiti hujaa. Mwezi wa Ramadhani usile hadharani mchana; lakini usiahirishe safari kwa ajili hiyo, kwa kuwa baada ya futari mji huu huamka upya.

Pingamizi la pili linahusu ngome yenyewe. Watu husema iko wazi, haina miti mingi, na heri uimalize asubuhi kungali na baridi. Tena makumbusho yake yangekuandaa kuuelewa mji. La kwanza lina ukweli nusu. Uwanja wa ndani huwaka kweli, lakini kuanzia saa tisa na nusu jua limeegemea upande wa bara, kuta zinatoa kivuli, na upepo wa bahari unapita juu ya boma. Kumbuka tu milango hufungwa saa kumi na mbili jioni, na beba kitambulisho, kwa kuwa kiingilio cha Mkenya, cha mkazi wa Afrika Mashariki na cha mgeni wa mbali si kimoja. La pili ndilo ninalolipinga kwa nguvu zaidi. Kigae cha kaure ya China ndani ya kabati la kioo hakikuambii kitu kama hujasimama asubuhi mahali kiliposhushiwa. Ukishasimama, kila kitu kilichomo ndani kina pa kukaa.

Mchoraji wa ngome alikuwa Mwitalia, Giovanni Battista Cairati, na umbo lake ni la mtu aliyelala chali, kichwa kikielekea baharini. Pembe za maboma zimepangwa ili pasiwe na ukuta ambao adui anaweza kujibanza bila kufikiwa na risasi kutoka boma jingine. Simama kwenye boma moja ujaribu kutafuta pembe iliyofichika, utaona ni hesabu na si urembo. Na bado hesabu hiyo haikutosha. Mwaka 1631 Yusuf bin Hasan, mtawala aliyelelewa Goa na kubatizwa Dom Jerónimo Chingulia, aliiteka kutoka ndani. Machi 1696 Waomani wakaizingira, na mzingiro ukadumu hadi Desemba 1698. Waliokuwamo waliuawa zaidi na maradhi kuliko silaha, na walipopandiwa kuta walikuwa wamebaki wachache mno. Katikati ya masaibu hayo, mwaka 1697, meli ya Santo António de Tanná iliyokuja kuwaokoa ilizama chini ya ngome. Wapiga mbizi waliichimbua mwishoni mwa miaka ya 1970, na vitu vyake vimo katika makumbusho. Kati ya mwaka 1631 na 1875 ngome ilibadilisha mikono mara tisa. Tangu 1895 hadi 1958 ilikuwa gereza, ikafunguliwa kuwa makumbusho 1960, na tangu 2011 imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Lakini ukiwa na dakika chache tu, zitumie mbele ya michoro ya ukutani iliyoachwa na askari wa Kireno. Hawakuwa wachoraji. Walichukua makaa meusi na udongo mwekundu, wakachora walichokuwa nacho kichwani: watu, samaki, na meli nyingi, zenye milingoti, kamba na matanga. Mistari inatetemeka, meli moja inaikanyaga nyingine. Hao walikuwa wamefungiwa ndani ya ukuta wao wenyewe, wamekabidhiwa bandari waliyoiogopa, na walichokitamani ni chombo cha kuwatoa. Baada ya hapo panda upande wa bahari. Maji yale yale uliyoyaona saa moja yakiwa yamekupwa au yamejaa yatakuwa yamegeuka, na mlango wa kuingilia Bandari ya Kale utakuwa chini yako, mwembamba kiasi cha kukuonyesha kwa nini kila aliyekuja aliutaka.

Toka kabla ya saa kumi na mbili. Jioni nje kuna viazi karai na mishkaki, ukwaju ukikamuliwa juu. Mwenye nguvu bado achukue tuktuk hadi Mama Ngina, ale mihogo ya kukaanga kwa pilipili na ndimu, anywe dafu, akitazama meli zikiingia Kilindini. Kama unalala ng'ambo ya Likoni, usikimbilie feri. Saa kumi na mbili hadi saa mbili usiku hubeba umati unaotoka kazini, na anayekaa kidogo akala kwanza huvuka kwa nafasi.